Nilivyomsugua Tobi Meno

Kwa Mzee Kituyi, chumba cha nne,
Huruma,
Eldoret.
Jumapili, 17 Machi 1985.

Mpendwa shangazi yangu, Senge Nanzala,

Nilimdanganya daktari wa mifugo, na hakuna mtu anayejua isipokuwa wewe, kuanzia sasa. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitajaza karatasi yote kwa salamu, kisha nitafunga bahasha bila kulisema.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Senge? Goti lako linaendeleaje, na joto la Voi mnalivumilia? Baba Murunga bado yuko na kazi yake ya reli? Natumaini mko wazima nyote.

Sisi huku tupo. Mvua imeanza juzi, baada ya mwaka mzima wa kuitazama mbingu. Bado tunakula ugali wa mahindi ya manjano na tumeuchoka. Presha ya Mama haijatulia. Akisikia jambo baya hata la redioni, lazima alale. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayajafika.

Tangu Januari nafanya kazi Elgon View kwa Mama Chepngetich, yule mwenye duka la vitambaa mjini. Mwisho wa mwezi huo alileta mbwa mdogo wa miezi miwili, jina lake Tobi, pamoja na kitabu cha kulea mbwa. Kitabu kilisema mbwa asuguliwe meno tangu utoto ili azoee, asije akaoza ufizi akiwa mzee. Nilifikiri Mama Chepngetich ananitania. Akasema, "Nelima, wewe una mkono mpole. Hiyo ni kazi yako."

Senge, niliipenda ile kazi kuliko zote. Wiki ya kwanza nilichovya kidole kwenye supu, Tobi akakilamba, nami nikamgusa midomo tu. Wiki ya pili nilifunga kitambaa kwenye kidole nikasugua meno ya mbele. Halafu tukaingia kwenye mswaki wa mtoto, bila dawa ya meno, kwa sababu mbwa hawezi kutema. Ilikuwa kila jioni baada ya chakula chake, palepale kwenye ngazi ya jikoni. Mama Chepngetich alinipa sharti moja tu: "Akikataa, acha."

Huku Huruma walinicheka. Mama Seline wa chumba cha pili aliniita mbele ya watu bombani. "Ati mbwa anapigishwa mswaki! Akimaliza anasukutua?"

"Hasukutui, anameza," nikamjibu.

"Basi mwambie huyo mama wa Elgon View aniandike kazi ya mbwa. Mimi hata kubweka najua."

Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Hata mimi nilicheka, na unajua mimi huwa sicheki mbele za watu.

Katikati ya Februari mbwa wa kuzurura aliingia getini akamrarua Tobi sikio. Wilson, mzee wa shamba, alimfukuza kwa jembe na kumpaka Tobi dawa. Kidonda kikapona, tukasahau.

Jumanne ya tarehe tano mwezi huu Tobi aliacha kula. Mate yalimtoka kama uzi na taya likalegea, mdomo haufungiki. Mimi nikajua ni makosa yangu. Nilifikiri nimemuumiza ufizi kwa mswaki, au mfupa umekwama. Mama Chepngetich akaniambia nimwache apumzike. Sikumwacha. Alipokuwa dukani nilimshika, jioni mbili, nikaingiza vidole mpaka kooni nikitafuta huo mfupa. Kitambaa kiliteleza. Tobi hakuniuma, Senge. Alikuwa ananitazama tu. Nilipotoa mkono, jino lilinikwaruza kidole, pale ngozi ilipopasuka kwa sabuni ya kufulia. Ilitoka damu kidogo. Niliosha nikaendelea na vyombo.

Ijumaa alimuuma Wilson mguuni. Jumamosi alikufa. Daktari wa mifugo alikata kichwa akakipeleka kupimwa, na Jumatano alirudi na jibu: kichaa cha mbwa.

Alitupanga mstari nje ya jikoni. "Nani ameumwa na huyu mbwa? Hata kidogo?" Wilson akapandisha suruali. Kisha daktari akanifikia mimi. "Na wewe, msichana, umeumwa?"

Nikasema, "Sijaumwa."

Neno lenyewe lilikuwa kweli. Tobi hakuniuma, na wala sikuwa naumwa popote. Lakini nililisema mkono ukiwa nyuma, umefichwa ndani ya leso, kwa hiyo nilijua. Mama Chepngetich alikuwa amesimama pale, yeye aliyenikataza. Daktari na Wilson walikuwa wananitazama. Unakumbuka shuleni hata jina langu likiitwa nilikuwa nashindwa kuitika? Ilikuwa hivyo. Daktari akageuka, na nafasi ikapita.

Jana Wilson alirudi kutoka hospitali akakaa juu ya ndoo, ameshika tumbo. "Hizi sindano, wee, acha tu. Za tumbo, kila siku moja, mpaka kumi na nne."

Nikamuuliza, "Na mtu ambaye hakuumwa, mzee?"

"Wanasema ubaya ni mate. Yakiingia kwa kidonda, hata mkwaruzo, ni yale yale. Na ukingoja mpaka uanze kuogopa maji, hakuna sindano tena. Ni kuchimba kaburi." Kisha akanitazama. "Kwani wewe ulimsugua mpaka lini?"

"Niliacha mapema," nikasema. Huo ndio uongo wa pili, na huu hauna njia ya kuugeuza uwe kweli.

Leo ni siku ya kumi tangu jino linikwaruze. Tangu jana nikinywa maji najichunguza koo. Leo baada ya ibada walitupa chai, nikanywa vikombe vitatu nione kama inapita. Ilipita.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda Elgon View, nitaenda hospitali. Nitasema nilitia vidole mdomoni mwa mbwa mwenye kichaa na nikanyamaza. Nimekuwa nikijizoeza kusema sentensi hiyo kwa sauti nikiwa peke yangu. Kisha nitamwambia Mama Chepngetich, na akinifukuza atakuwa na haki. Nyumbani nikitembea nimeinama kwa hizo sindano za tumbo, nitasema ni kufua.

Nisalimie Baba Murunga, na Murunga mwenyewe, na Nafula kama amerudi kutoka bweni. Mungu awafunike huko mliko.

Senge, usimwambie mtu. Usimwambie hata Baba, maana hawezi kumficha Mama. Iweke kwako mpaka Pasaka ipite. Nikiwa mzima nitawaambia kwa mdomo wangu. Nisipokuwepo, ndipo uwaambie wewe, na tafadhali uwaambie kwamba Tobi hakuwa mbwa mkali.

Ni mimi, binti wa kaka yako anayekupenda sana,
Nelima