Mshono Chini ya Rangi

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinabana kidogo kwa harufu ya tina ya kuchanganyia rangi. Mgongo wako na hiyo cherehani, vipi? Wapwa zangu wazima? Yule wa mwisho ameacha kula udongo?

Usishtuke kuona barua. Simu yako shemeji anaishika, na haya si ya shemeji, ndiyo maana nimetumia anwani ya duka lako. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita kwenye unga. Vumilia.

Kazi yangu ni ile ile. Gari likija kupulizwa rangi, mimi ndiye naziba. Vioo, taa, mipira ya milango, kila pasipotakiwa rangi nabandika gazeti na tepu. Wananiita Gundi. Bosi tunamwita Kioo, kwa sababu gari likitoka kwake unaweza kunyolea ndevu mlangoni.

Sasa sikiliza. Lipo gari hapa la viti saba, linapakwa bluu. Dada, hilo si gari moja. Ni mawili. Moja lilibondeka mbele, lingine nyuma, Kioo kakata vipande vizima kaviunga katikati. Mshono unapita chini ya miguu ya abiria wa nyuma, unapanda kwenye nguzo za milango. Na kuchomelea kwenyewe ni tone hapa tone pale, kama mtu anayebandika stempu. Likiingia shimo vibaya linagawanyika. Nikamuuliza, "Bosi, hili watu watapanda?" Akasema, "Gundi, hapa tunapamba, hatuulizi." Anaita kupamba! Fundi wa pati, ile lipu ya kusawazisha bodi, naye anasema anarekebisha sura. Mimi shule sina, lakini kuficha nakujua.

Jana mteja kaja kulitazama. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye taa ya nyuma, kitambaa cha vumbi usoni. Nikasikia sauti. Shemeji! Kumbe ile semina uliyoniambia kawaaga kwenda ndiyo hii. Anajua niko gereji, hajui ipi, na hakunitambua. Anamwambia Kioo, hili la kubebea wanafunzi asubuhi na familia jioni. Nilitaka kusimama. Nikaendelea kubandika tepu.

Mwambie asilinunue.

Mdogo wako


Tarehe 11, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima. Mgongo unauma, nao umezoea. Wa mwisho kaacha udongo, sasa anakula chaki zangu za kukatia nguo.

Umenitia mtihani. Hilo gari mimi silijui. Yaani nalijua, ila silijui. Baba watoto anataka kunishtukiza. Niliona karatasi ya gereji mfukoni mwake wakati nafua. Sasa nikifungua mdomo ataniuliza nani kaniambia. Nitasema nini, kwamba nampekua? Ndoa ni kusitiriana, bwana. Hata mimi hapa naweka bitana mshono usionekane, mteja anavaa, anafurahi. Nani kafa?

Halafu una hakika? Wewe tangu mdogo ni mtu wa kuona mabaya. Uligoma kulala chumba cha uani ukasema paa litaanguka. Likaanguka? Mwambie mwenyewe. Ni shemeji yako, mwanaume mwenzako.

Dada yako


Tarehe 16, mwezi wa tatu

Dada,

Shikamoo. Sina homa, nina hasira. Watoto wote nawasalimu.

Paa la uani lilianguka. Wewe ulikuwa umeshaolewa, hukuwepo. Na nani kafa? Hajafa mtu kwa sababu bitana haibebi watoto barabarani!

Hebu nieleze, maana nachanganyikiwa. Kioo anapamba. Shemeji anashtukiza. Wewe unasitiri. Kila mtu kajitafutia neno zuri la kujifunika, na miguu yote iko nje ya shuka. Kusitiri ninakokujua mimi ni mtu kaanguka njiani, nguo imepanda, unamfunika upesi unatazama pembeni. Aliyefunikwa ndiye anayepona aibu. Hapa anayepona nani? Kioo peke yake.

Unasema nimwambie mimi. Nilijaribu. Jumamosi nilimpigia shemeji. Akasema, "Shemeji, vipi?" Nikasema salama. Akasema, "Kazi?" Nikasema salama. Akasema, "Haya, sema." Nikakata simu. Hapo ndipo nguvu zangu zilipoishia. Kwenye gereji nako, nikisema kwa sauti, kesho sina kazi, na Kioo anawajua wenye gereji zote.

Anakuja kulichukua tarehe 28. Wewe unalala naye chumba kimoja. Sema.

Mdogo wako


Tarehe 24, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Marahaba, tuko salama, tunashukuru.

Nimejitahidi. Nilimwambia nimeota gari limekatika katikati, nusu inaenda sokoni, nusu imebaki nyumbani. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ukiota gari ni heri inakuja.

Halafu anapiga mluzi bafuni. Sijamsikia tangu tumepata mtoto wa pili. Ningemkatishaje? Mungu atalinda. Na tafadhali, habari hii tuifunike hapa hapa.

Dada yako


Tarehe 30, mwezi wa tatu

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Barua yako ilifika mambo yakiwa yamekwisha. Eti umeota! Niliisoma nimesimama, nikataka kuichana.

Iko hivi. Kioo ana desturi yake. Gari likikauka, magazeti hayatolewi mpaka mteja awepo. Anamsimamisha mbele, halafu anayabandua kwa mkono wake, taratibu, kama anamenya yai. Hapo ndipo wateja wanapokwisha kwa kupendezwa.

Na kazi yangu watu hawaielewi. Nikiziba mahali, sipafichi. Nazuia rangi isipafikie. Gazeti likitoka, pale panabaki kama palivyokuwa.

Basi tarehe 26, kabla ya mkono wa mwisho wa rangi, mpuliza rangi alipokwenda kula, nikachukua kisu nikakwangua pati kwenye nguzo mbili mpaka mshono ukatoka, chuma chekundu upande huu, cheupe upande ule. Juu yake nikabandika gazeti na tepu, safi, kama nimeagizwa. Aliporudi akauliza, "We Gundi, nguzo umeziziba za nini?" Nikasema, "Bosi." Neno moja. Akapuliza.

Tarehe 28 shemeji kaja na shati la kutokea. Kioo akabandua gazeti la kioo cha mbele. Akabandua taa. Akafika kwenye nguzo, anamtazama shemeji usoni, mkono wake mwenyewe hautazami. Gazeti likatoka. Shemeji akasema, "Fundi, na hii?"

Kioo akageuka, akaona. "Hiyo... pambo."

Shemeji akasogea, akachomeka ukucha kwenye mshono. Ukaingia. Akachomeka kidole. "Pambo linameza kidole?"

Kioo akasema pole pole, "Gundi." Mimi nikashusha kitambaa usoni. Shemeji akaniona. Unajua alichosema? Hakusema asante. Alisema, "Shemeji, kumbe upo hapa? Sasa mbona hukusema?"

Mbona hukusema! Nyote ndivyo mnavyojua kuuliza.

Akaondoka bila gari. Mimi nikafukuzwa dakika hiyo hiyo, ndala moja imebaki kule.

Mdogo wako


Tarehe 7, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua chako sasa kitapona, hiyo ndiyo heri yako.

Baba watoto karudi, kasema semina ya safari hii ilikuwa nzuri. Nikamuuliza mmefundishwa nini. Akasema, "Mambo ya kuangalia vizuri." Akala, akalala. Haniambii, simuulizi. Usinikasirikie, ndivyo tulivyo.

Usiku ule nilihesabu watoto walivyolala, ingawa najua ni wangapi. Asante. Neno hilo nilipaswa kuliandika kwenye barua yangu ya kwanza.

Njoo nyumbani. Dukani ipo kazi ya kutia vifungo. Hilo gari limekwisha, lisahau.

Dada yako


Tarehe 15, mwezi wa nne

Dada,

Shikamoo. Nimepata nafuu ya kifua, sauti ndiyo imekauka, utaelewa. Wabusu watoto.

Limekwisha wapi? Nimeliona. Jana asubuhi, mkabala na soko, linapakia abiria. Bluu, linang'aa, hata ningekuwa mimi ningepanda. Kioo kapiga pati upya, kapata mzibaji mwingine, kapata na mteja mwingine. Wanafunzi wawili kiti cha nyuma kabisa, miguu yao palepale.

Nikapita. Nikarudi. Nikapita tena. Dereva akaniona, akasema, "Dogo, unanizunguka kama inzi, unataka nini?" Hakuna gazeti hapo, dada, wala tepu. Mimi na mdomo wangu tu.

Nikasema, "Gari lako ni mawili." Akasema, "Nani kakutuma? Wenye magari ya upande ule?" Nikasema hakuna aliyenituma, nilikuwa nafanya kazi pale, mshono nimeukwangua kwa mkono wangu. Watu wakajaa. Mmoja anasema huyu kalewa, mwingine anasema mpigeni. Nikawa napiga kelele, dada, mimi! Nawaambia wanafunzi, "Shukeni! Hapo mlipokanyaga ndipo!" Mama mmoja aliyekuwa mbele akashusha kapu lake kwanza, halafu akashuka yeye. Wale watoto wakamfuata.

Kutia vifungo nitakuja, wiki ijayo. Lakini mwambie shemeji kwamba ulipekua mfuko. Mwambie kabla sijafika, maana nikifika nitasema mimi, na sasa naweza.

Dereva hakunishukuru. Alinitukana mama, alinitukana ukoo, mate yakinirukia usoni. Lakini alikuwa ananitukana huku analala chali kuingia chini ya gari.

Mdogo wako