Ndege ya Mzee Huang

Jumatatu, 6 Novemba 2006
Wamemchagua Loyce! Siku ya Wageni yeye na Kassian ndio watakaosimulia historia ya ile ndege ya kivita ya jeshi la majini la Kichina iliyowekwa mbele ya karakana ya chuo chetu. Loyce anasoma biashara. Injini nasomea mimi. Na mchumba wa Kassian ni mimi! Mwalimu kasema nina Kichina kizuri, basi nitatafsiri. Nikasema asante. Asante ya nini?

Alhamisi, 9 Novemba
Wameenda mtaa wa Sanyuanli kwa Mzee Huang, rubani wa zamani wa ndege ile. Wamerudi wanacheka, wamebeba machungwa ya mzee. Loyce akagonga kwangu — chumba chake ni cha pili. Akanipa chungwa: onja, dada Kalista. Nimelitupa. Chungwa zuri tu.

Jumapili, 12 Novemba
Loyce ana homa. Nimeenda mimi na Kassian. Nilifurahi — Mungu anisamehe.

Mzee anasema ndege ilifika kikosini ikinuka rangi. Akairusha miaka sita, kulinda pwani. Mara moja tu aliifukuza ndege ngeni mpaka ikageuka. Halafu ndege akapewa rubani mwingine! Mzee akanuna, chakula hakipiti. Siku moja magurudumu yakagoma kutoka. Rubani huyo akatua kwa tumbo la ndege, cheche njia nzima. Watu wote wakamkimbilia rubani. Huang akaikimbilia ndege. Mpaka leo anaona haya. Nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Ikatengenezwa, ikatumika kufundishia marubani wapya, ikastaafishwa. Chuoni ililetwa kwa lori, mabawa yametolewa.

Tukiaga, mzee akamuuliza Kassian: mchumba wako wa juzi hajambo? Kassian akajibu ana homa kidogo, atapona. Basi! Njiani nikamuuliza mbona hukumsahihisha. Eti ni mzee, angeaibika. Na mimi je?

Jumamosi, 18 Novemba
Siku ya Wageni. Loyce kasimulia vizuri, siwezi kukataa. Kwenye zile cheche watu waligeuka kuitazama ndege.

Kisha Mzee Huang akapewa maiki. Akashukuru ndege yake kukumbukwa. Akawatakia hawa wachumba wawili ndoa ndefu — akiwaonyesha Loyce na Kassian kwa mkono! Mwalimu akanitazama. Ningeweza kuruka sentensi ile, nani angejua? Nikatafsiri yote, Kiingereza kisha Kiswahili. Makofi! Loyce akainamisha kichwa. Kassian akatabasamu kama anayepigwa picha.

Nimerudi bwenini peke yangu. Wanaume hawaruhusiwi kupanda. Kassian akinitaka husimama chini ya dirisha na kuita. Pete sijaivua. Akija nitamwambia nini? Nishuke, au nimwache aite mpaka akauke koo?

Huyo! Kikohozi chake nakijua. Nimekimbilia dirishani kama mjinga.

Anamwita Loyce.

Nimekaa tena. Dirisha la chumba cha pili linafunguka —