Jino la Mbele Halikung'olewa

Kwa mke wangu, Mama Tabitha, Iyula.

Nakusalimu kwa upendo, wewe na watoto wetu. Kifua cha Tabitha kimepoa? Na kahawa ya upande wa mtoni imeanza kuiva? Mimi ni mzima, na leo nalisema neno hilo kwa kweli, siyo kwa mazoea ya barua.

Najua barua iliyopita ilikutia hofu. Niliandikiwa na mwenzangu wa chumbani, maana uso ulivimba mpaka jicho la kushoto likafumba. Ni lile jino la juu la mbele, lililogongwa na kifuniko cha sanduku nikiwa kazini stoo. Ulinijibu niling'oe upesi kabla usaha haujapanda kichwani. Nilikuelewa, mke wangu, ila moyo ulikataa. Mpiga tarumbeta bila jino la mbele hana pa kukazia mdomo. Kiongozi wa bendi yetu hapa mgodini alikwishaniambia, "Yoeli, jino likitoka, tarumbeta nampa mwingine." Sisi wa bendi ndio tunaofanya kazi juu. Wengine wote hushuka shimoni, na wewe wajua wangapi wa kwetu walishuka wakarudi wakikohoa.

Basi nikaenda hospitali. Daktari wa meno, Mzungu mzee, alitazama mara moja akashika koleo. Hapo akaingilia dresa, msaidizi wake wa kutibu vidonda, Bwana Kibona, mtu wa Ileje.

"Daktari, huyu ni mpiga tarumbeta," alisema. "Mdomo ndio kazi yake."

Mzee akaliweka koleo chini, akaniuliza kwa kinywa cha Bwana Kibona, "Utaweza kuja mara tatu bila kukosa?"

"Nitakuja hata kwa kutambaa," nikajibu.

Alinichoma sindano ya ganzi, akatoboa jino kwa nyuma kwa mashine anayoikanyaga kwa mguu kama cherehani. Usaha ulitoka na harufu yake, na papo hapo kichwa kikawa chepesi. Kisha akaingiza kijiti cha chuma chembamba kama unywele, akautoa mshipa uliooza ndani ya mzizi. Mara ya pili aliosha kwa dawa. Mara ya tatu akaziba.

"Jino sasa limekufa, lakini limesimama," Bwana Kibona alinieleza. "Litaonekana gumu kwa macho tu. Usilitafunie mfupa, wala muwa, wala mahindi ya kuchoma. Sukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, piga mswaki taratibu, na tarumbeta usiiguse mpaka nikuruhusu."

Siku za kwanza liliuma nilipoligusa kwa ulimi, nikaogopa kwamba tumeshindwa. Nilikunywa uji kama mtoto anayeachishwa ziwa. Lakini uvimbe ulishuka, maumivu nayo yakaenda yakipungua, hata asubuhi moja nikaamka nimesahau kwamba nilikuwa mgonjwa.

Juma lililopita Bwana Kibona akaniruhusu. Nilianza na sauti za chini, polepole, nikisubiri liume. Halikuuma. Nikapanda. Ile ya juu kabisa ilipotoka safi, nilishusha tarumbeta machozi yakinitoka mbele ya wenzangu. Kiongozi akageuka akajifanya anapanga karatasi zake.

Jino limeanza kuwa jeusi kidogo. Usishtuke ukiniona nikicheka.

Mshukuru mama mkwe wangu kwa ile mizizi ya dawa aliyonitumia. Sikuitumia, lakini nimeihifadhi, nami nitamweleza mwenyewe kwa heshima. Nisalimie shemeji zangu wote, na jirani anayekusomea barua hii. Na mjomba wako, mwalimu wa tarumbeta kanisani, mwambie likizo yangu imekubaliwa. Alfajiri ya Pasaka, watu watakapokwenda makaburini kuwapigia marehemu tarumbeta, asimpe mtu nafasi yangu. Nataka marehemu baba apigiwe na mwanawe.

Mimi mumeo, mwenye meno yote,
Yoeli, Baba Tabitha