Ute wa Bamia kwa Nywele za Zuleha

Zuleha mwanangu,

Kilichomo kwenye sufuria ndogo si mboga, usikiunge. Ni ute wa bamia. Nimezichemsha, nikachuja kwa kitambaa safi. Ukishapoa paka, chana taratibu, usiguse palipobabuka.

Asubuhi ulipolia kwamba jeli ya dukani inakuunguza, nilikwambia uvumilie tu, harusi ya dada yako ni leo. Nisamehe. Ulipotoka nje niliijaribu mkononi, ikaniwasha vibaya. Nimeitupa. Jirani yetu Mama Hajra ndiye aliyenielekeza hii ya bamia. Nimeipaka kwanza kwenye ndevu zangu: zimelala vizuri, wala haziwashi.

Nimetangulia Likunja, harusini, kupanga viti. Nywele zikigoma, ~~jifunge mtandio~~ njoo hivyo hivyo. Dada yako anakusubiri wewe, si nywele.

Baba yako