Makufuli Kumi na Mawili

Jumatatu, 9 Juni
Baridi. Ukungu kuanzia Akheri mpaka barabara kuu. Kiwandani saa moja na dakika tano.

Kazi: kubadilisha mapanga ya mtambo wa kuchanganyia chakula cha kuku. Yako kumi na sita. Nimeingia mimi kama kawaida, maana mlango una sentimita hamsini na mafundi wenzangu wana vitambi. Nimeshusha swichi kuu, nimetia kufuli langu, ufunguo shingoni. Mtambo huu hauna kitufe cha kuwashia. Ukiinua swichi tu, unazunguka. Kufikia saa nne nimemaliza mapanga tisa. Nimetoka kuchukua spana namba kumi na tisa.

Nimeinama kwenye sanduku la spana, mtambo ukawaka.

Mizunguko thelathini na mbili kwa dakika. Tochi niliyoiacha ndani ilikuwa vipande kabla sijafika kwenye swichi. Swichi iko juu. Kufuli langu halipo.

Nimekaa chini kwenye pumba kama mgonjwa. Kiwanda kizima kimesimamishwa.

Jumanne, 10 Juni
Kutoka ndani mpaka nje ni sekunde ishirini. Panga linanifikia kabla ya sekunde mbili. Hesabu hii nimeirudia tangu jana, haibadiliki.

Kikao kwa injinia. Aliyeinua swichi ni Elibariki, mwendesha mkanda wa kupandisha mahindi. Swichi yake iko jirani na yangu, zinafanana. Naye alikuwa amefunga kufuli lake ili asafishe mkanda. Ameapa kwa jina la mama yake.

"Mama Happy, mimi nimefungua kufuli langu kwa ufunguo wangu. Lingekuwa lako, ufunguo wangu ungeingiaje?"

Injinia kamwamini. Kasema sikufunga, kwamba Elibariki kaona swichi haina kufuli akazichanganya. Injinia huyu ni kijana wa miaka ishirini na saba. Ameniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu akanipa barua ya onyo. Akaongeza: "Huu ndio ufundi wa kujifunzia kwenye magunia."

Ni kweli nilianza hapa nikishona magunia. Miaka kumi na moja. Huo mtambo nimeufungua mara nyingi kuliko alivyofungua vitabu vyake. Kaagiza Jumamosi niingie tena, nimalizie saba.

Kinachonitisha zaidi ya barua: nimeanza kujiuliza kama kweli nilifunga.

Jumatano, 11 Juni
Nilifunga.

Asubuhi wamewasha mitambo mingine. Mkanda wa mahindi umekataa. Elibariki kaenda kwenye swichi yake, kakuta imefungwa kufuli. Kalifungua kwa ufunguo wake. Kisha kaingiza mkono mfukoni na kutoa lile la juzi.

Amekuja karakana mwenyewe, uso umempauka. "Mama Happy, nina makufuli mawili. Moja ni lako. Nusura nikuue, mama."

Nimejaribu ufunguo wangu kwenye lake. Umezunguka laini kama siagi.

Alhamisi, 12 Juni
Saa ya chakula nimejifungia stoo na makufuli yote tuliyogawiwa na funguo zake. Kumi na mawili mara kumi na mbili, majaribio mia moja arobaini na nne. Dakika hamsini. Aina za funguo ni tatu tu. Kila ufunguo unafungua makufuli manne.

Miezi minane mafundi wote tumeingia ndani ya mitambo tukiamini.

Sasa niandike na hili. Makufuli nilinunua mimi. Mimi ndiye niliyepigia kelele kila fundi awe na lake. Mimi ndiye niliyekwenda sokoni, nikachagua boksi la dazeni, mekundu yote ili yaonekane. Nikamsumbua muuzaji mpaka tukajaribu yote, moja moja. Kila kufuli kwa ufunguo wake. Ufunguo wa jirani sikuujaribu hata mmoja. Nikarudi natembea kifua mbele.

Nikinyamaza, lawama ni za Elibariki. Nikisema, injinia atacheka mpaka jioni.

Nikinyamaza, kesho kuna mtu ndani ya kinu cha mahindi, na funguo tatu za watu wengine za kumwulia.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwambia injinia kabla kazi haijaanza.

Maneno matupu asingeelewa. Kabati la ofisi yake linafungwa na kufuli la aina hiyohiyo. Nimeingiza ufunguo wangu mbele yake, likafunguka. Hakucheka.

"Nani alinunua haya?"

"Mimi."

Amesimamisha kazi zote za ndani ya mitambo isipokuwa mapanga saba ya kesho. Kuku wa watu wanangoja. Makufuli mapya, kila moja na ufunguo wake tofauti, yatafika wiki ijayo. Barua ya onyo inabaki. Atabadilisha sababu tu. Hilo limenikera na ni haki yake.

Nimemwambia kesho siingii kwa kufuli. Nitang'oa fyuzi.



Jumamosi, 14 Juni
Nimeng'oa fyuzi tatu, nimezitia mfukoni, nimefunga zipu. Nimeinua swichi kujaribu. Kimya. Nimeinua tena. Kimya. Nimeishusha, nimezuia mhimili wa mapanga kwa gogo, usije ukajizungusha kwa uzito wake.

Elibariki ameweka kiti mbele ya swichi. Hakuinuka hata kwa chai.

Mlangoni nimesimama dakika sita. Hakuna aliyeniharakisha.

Ndani nimeshika kila nati mara mbili. Mapanga saba, saa mbili na dakika kumi. Zamani ningetumia saa moja na nusu.

Nimetoka. Nimehesabu zana, zimetimia, nikatoa gogo. Fyuzi sikuzirudisha mwenyewe. Nimempa Elibariki. Amezipachika moja moja, polepole, kisha akaniuliza kama nimesogea mbali.

Nimemwambia nimesogea.