Vidole vya Aabo Chini ya Shuka

Kitengela,
17 Septemba 2000

Kwa dada yangu Asho,

Assalaamu aleykum. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Garissa, na kile kifua cha mtoto Najah kimepona. Sisi tuko, Alhamdulillahi, ila ukame umetubana na maji ni ya mkokoteni. Usiniulize kwa nini nimenyamaza. Soma kwanza, halafu unikasirikie.

Aabo, baba yetu, bado hasemi. Tangu kile kiharusi cha Aprili ulimi wake umelala, na mkono wa kulia pia. Mwisho wa Julai tulipata daktari wa mazoezi, Syokau, Mkamba asiye na mzaha. Alisema kila kidole kiko na ploti yake kwenye ubongo, na kisipoleta habari majirani wanaivamia, kama hapa Kitengela unavyoacha ploti bila ua ukarudi ukute mtu amejenga. Mkono uguswe kwanza, ndio ubongo ukumbuke kuusogeza. Akaniagiza nimsugue Aabo vidole kwa mchanga na gunia kila siku, na ule wa kushoto ulio mzima tuufunge na kitambaa.

Nilisugua wiki tano, hakuna kitu. Nikaona namsumbua mzee wa watu bure. Halafu nikafikiria kazi yake. Miaka thelathini amekuwa dalali soko la mifugo Kajiado, na unajua sisi bei hatuitangazi: watu wanashikana mikono chini ya shuka, kidole kinabonyeza, kingine kinajibu. Basi nikafunika mikono yetu, nikaanza kumbonyeza bei kama mnunuzi. Siku ya nne kidole chake kilinijibu. Nililia, sioni aibu kusema.

Ijumaa alianza yeye. Alibonyeza saba. Nikangoja. Akarudia saba.

Abaayo, dada yangu, sasa nikwambie ukweli. Wale ng'ombe saba wa uzao wa ng'ombe wa mama yetu Hooyo, ambao nilikuandikia kwamba Aabo amekubali wauzwe kabla ukame haujawamaliza, hakukubali. Kabla hatujampata Syokau, nilimpeleka sokoni kwa pikapu, nikamkalisha. Mnunuzi, Parmuat, alipoingiza mkono chini ya shuka, nami niliingiza wangu, nikavikunja vidole vya Aabo juu ya vya Parmuat. Watu wakaona mzee ameuza mwenyewe. Nilijiambia mkono ule hausikii.

Baada ya ile saba nilimuuliza Syokau kama mkono uliolala unaweza kusikia. Alijibu kwamba mingine inasikia vizuri tu, shida ni kujibu.

Ile saba ya pili sikuijibu. Aabo akaunyakua mkono wake na kufunga ngumi. Syokau alipoiona ile ngumi alifurahi sana, akaniambia nimshukuru Mungu, ni mara ya kwanza mkono wote umefunga. Sikumwambia kwamba sokoni ukifunga ngumi umekataa biashara.

Leo siku ya pili hanifungulii. Nikikaribia tu, ngumi. Syokau ananionya kwamba asipoguswa, tutapoteza hata kidogo tulichopata, na mimi siwezi kumlazimisha tena. Naogopa, Asho. Njoo umshike wewe, huenda mkono wako akaupokea.

Wasalimie shemeji na watoto wote. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi ndugu yako niliyekosa,
Siyad