Gurudumu la Baba Lisilotumia Umeme

Ligaya weee, uso wangu sijui niuweke wapi!!

Si unalijua lile gurudumu la baba, eti linajizungusha lenyewe bila umeme? Leo kamwita Padri Eusebio aje kulibariki. Majirani wote wamejaa sebuleni.

Padri kalinyunyizia maji ya baraka pale mezani. PAA! Cheche chini ya meza!

Feni kimya. Karaoke kimya. Na gurudumu kimya!! Gurudumu, Ligaya!!

Padri kainua kitambaa cha meza: waya mpaka ukutani.

Baba kamtolea mama macho. "Hii si mota ya cherehani yako?"

Mama: "Ndiyo. Gurudumu liligoma siku ile ile ya kwanza, nikakuonea huruma, nikalifungia mota."

Padri kacheka: "Crisanto, mashine isiyochoka unayo. Ulishaioa."